Shajara ya mradi: programu ya simu ya kinga ya VVU kwa wanaume wapenzi

Kazi yenyewe

Tunajenga programu ya simu kwa wanaume wawili walio kwenye uhusiano, kila mmoja na simu yake. Ina kazi nne: kuwaongoza kujipima VVU pamoja, kuwasaidia kuwekeana makubaliano kuhusu ngono ndani na nje ya uhusiano, kukumbusha dawa, na kuwaunganisha na mshauri nasaha kwa video au maandishi. Shajara imepangwa kwa sehemu za mfumo badala ya tarehe, kwa sababu sehemu nyingi zimefungwa na kufunguliwa tena.

Kwa nini wenza, na si mtu mmoja mmoja? Mwaka 2009 mtafiti Patrick Sullivan na wenzake walikadiria kuwa kati ya wanaume wanaofanya ngono na wanaume katika miji 5 ya Marekani, asilimia 68 ya maambukizi yalitoka kwa mpenzi wa kudumu. Sababu ni za kawaida kabisa: na mpenzi wa kudumu ngono ni mara nyingi zaidi, kondomu hutumika kwa nadra, na kupokea kwa njia ya haja kubwa, ambako ndiko kwenye hatari kubwa, hutokea zaidi. Kampeni nyingi zimemfundisha mtu kumwogopa mgeni, huku hatari ya nyumbani ikiachwa wazi.

Msingi tuliouchukua

Upimaji na ushauri wa wenza ulikomaa Rwanda na Zambia, kwa wenza wa mume na mke, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake mwaka 2012. Nchini Marekani ukarekebishwa kwa wanaume wapenzi, na baadaye utafiti wa Project Nexus ukajaribu kuwapelekea vipimo nyumbani huku mshauri akiwa nao kwa video. Hatuna haja ya kubuni ngazi mpya. Zilizopo zinatosha: kuthibitisha hiari, kukubaliana kwamba majibu yatasikiwa pamoja, kuuliza kuhusu uhusiano na makubaliano yake, kupima, kutoa majibu kwa wote wawili kwa mara moja, kisha kupanga kinga kulingana na majibu.

Kanuni moja ya washauri wa wenza imeingia kwenye kila skrini: mazungumzo ni ya leo na kesho. Ya jana hayaulizwi mbele ya mwenza. Mshauri mzuri akisikia "nani alileta?" huyarudisha mazungumzo kwenye "tunafanyaje sasa?". Simu haina masikio ya aina hiyo, kwa hiyo maswali ya jana tumeyaondoa kabisa kwenye sehemu ya pamoja.

Kuna jambo jingine mshauri hulifanya kwa macho ambalo simu hailiwezi. Anamwona mmoja akimtazama mwenzake kabla ya kujibu, na anaelewa kuwa hiari hiyo si hiari. Ndiyo sababu ya ingizo linalofuata.

Chumbani na sebuleni

Mfumo una sehemu mbili ambazo hazichanganyiki. Chumbani ni pa mtu mmoja: majibu yake ya maswali, dawa zake, tarehe zake, ujumbe wake kwa mshauri. Sebuleni ni pa wawili: makubaliano waliyoyaandika, siku waliyopanga kujipima, mada za mazungumzo. Hakuna kitu kinachotoka chumbani kwenda sebuleni chenyewe. Mwenye chumba akitaka kukitoa, anakitoa kwa mkono wake, kitu kimoja kimoja, na kabla hakijatoka anaoneshwa jinsi mwenzake atakavyokiona.

Wahandisi wapya huuliza kwa nini tusiwe na akaunti moja ya wenza, maana ni nyepesi zaidi. Ni nyepesi, na ni hatari. Mwenza anayefuatilia, anayetishia au anayepiga hana haja ya kudukua akaunti ambayo tayari ni yake.

Maswali ya usalama (je, mwenzako amewahi kukutisha, kukupiga, kukulazimisha ngono, kukuzuia kwenda kliniki?) huulizwa chumbani, kabla ya kuunganishwa na mtu yeyote. Akijibu ndiyo, kitufe cha kuunganisha hakipotei, kwa sababu kikipotea mwenza aliyeketi pembeni ataona kimepotea. Kinabaki palepale, ila kikibonyezwa kinaleta "Huduma hii haipatikani kwa sasa, jaribu baadaye", ujumbe ambao mara mojamoja hutokea pia kwa watumiaji wengine. Papo hapo chumbani kunawekwa njia ya kumfikia mshauri na maelezo ya kutumia huduma zote peke yake.

Kujificha dhidi ya nani?

Programu nyingi za afya hujificha kwa picha ya kikokotoo au kalenda. Hilo humsaidia mtu dhidi ya ndugu, mwajiri au askari anayepekua simu, na kwa mahali ambapo sheria inawaandama wanaume wapenzi haliepukiki. Dhidi ya mwenza halisaidii chochote. Yeye anajua kikokotoo hicho ni nini, maana nacho kiko kwenye simu yake.

Tumeweka namba mbili za siri. Ya kwanza inafungua chumbani na sebuleni. Ya pili inafungua sebuleni pamoja na chumba kitupu kinachofanana na cha mtu ambaye hajajaza kitu. Mtu akiamriwa "fungua nione", ana namba ya kutoa.

Alama ya kidole haifungui chumbani. Kidole cha mtu aliyelala hufungua simu, na wapenzi wengi tayari wamesajili vidole vyao kwenye simu za wenzao.

Namba ya siri ina tarakimu 6. Yenye tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000 tu, na faili likishanakiliwa nje ya simu, kuijaribu yote ni kazi ya muda mfupi sana. Hata tarakimu 6 hazitoshi zenyewe, kwa hiyo ufunguo wa kusimba data unakaa kwenye sehemu salama ya maunzi ya simu, ambayo hainakiliki, na majaribio yakizidi muda wa kusubiri unarefuka.

Kuunganisha simu mbili

Mwaliko kwa ujumbe mfupi tumeukataa. Unaingia kwenye simu ambayo huenda iko mikononi mwa mtu mwingine, na kiungo chake huonesha kichwa cha habari kabla hata ya kufunguliwa. Badala yake mmoja anatoa msimbo wa tarakimu 6 unaokufa baada ya dakika 15, na mwenzake anauingiza akiwa naye uso kwa uso au kwenye simu. Hii inachuja pia watu wasiofahamiana wanaojifanya wenza ili wapate vipimo au marupurupu ya utafiti. Kichujio cha pili ni kumuuliza kila mmoja chumbani maswali machache yenye jibu moja, kama vile walianza lini na kama wanaishi pamoja. Tofauti ndogo za tarehe hazihesabiwi. Watu wengi hawakumbuki kwa namna moja siku uhusiano ulipoanza.

Mtu anaweza kuwa na sebule zaidi ya moja. Sebule hazifahamiani.

Makubaliano

Hapa kazi ni nzito kuliko kwingine kote. Kuna wanaume wapenzi wasioruhusu ngono nje ya uhusiano, wanaoruhusu kwa masharti (kwa kondomu tu, si nyumbani, si na mtu tunayemjua, wote wawili tukiwapo), na wanaoruhusu lakini hawataki kusimuliwa. Kwa upande wa VVU hakuna sura iliyo salama kwa jina lake. Makubaliano ya kutotoka nje yanayovunjwa kimyakimya ni hatari kuliko ya wazi yanayofuatwa. Programu kwa hiyo haipendekezi sura. Inauliza mambo sita: nini kinaruhusiwa, na nani, kwa kinga gani, kipi kinasimuliwa, kipimo kila baada ya muda gani, na makubaliano yakivunjwa nini kinafuata.

La sita ndilo linalorukwa na wengi, na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Dawa ya dharura baada ya hatari, PEP, lazima ianze ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana, na imezwe kwa siku 28. Mtu aliyevunja ahadi akitumia siku tatu kutafuta maneno ya kumwambia mwenzake, dirisha limefungwa. Kifungu tunachokitoa kama mfano kinasomeka hivi: "Yeyote kati yetu akivunja, PEP kwanza, mazungumzo baadaye, na tunatumia kondomu sisi kwa sisi mpaka vipimo vitakapotoa jibu la mwisho." Kinaandikwa wakati wote wametulia, kabla hakuna mwenye kosa.

Sasa tatizo la ufundi. Wazo linalomjia kila mtu ni kuwaacha wawili wajibu kila mmoja peke yake, kisha mfumo uoneshe mnapokubaliana na mnapotofautiana. Kwa kikundi cha watu 30 hilo halina shida. Kwa watu wawili ni uvujaji mtupu. Swali likiwa na majibu mawili, neno "mnatofautiana" limeshataja jibu la mwenzako. Mimi nimejibu hapana, tunatofautiana, basi wewe umejibu ndiyo. Hakuna takwimu ya jumla inayoweza kumficha mtu ndani ya umati wa watu wawili.

Muundo wa pili uliojadiliwa: kila mmoja agonge mada anazotaka zizungumzwe, na sebuleni zionekane zile tu ambazo wote wamezigonga. Unavuja kidogo zaidi ya unavyodhaniwa. Nimegonga "kutumia PrEP" (dawa ya kinga anayotumia asiye na VVU kabla ya hatari), haikuonekana, kwa hiyo mwenzangu hakuigonga. Na kwenye uhusiano wenye shaka, mtu anaweza kugonga mada zote kwa makusudi ili asome ukimya wa mwenzake.

Muundo uliobaki ni huu. Sebuleni kila mwezi zinatokea mada saba. Tatu ni zilezile kwa wenza wote. Nne zinatoka kwenye mfuko ambamo mada zilizogongwa na yeyote kati yao zimechanganywa na nyingine zilizochotwa kwa bahati nasibu. Anayeziona hawezi kujua kama mada imeletwa na mwenzake au na mashine. Gharama yake ni kwamba wakati mwingine wanapewa mada ambayo hakuna aliyeitaka, tumeikubali.

Muundo huo una mitego miwili. Bahati nasibu ikichezeshwa upya kila skrini inapofunguliwa, mtu ataifungua mara kumi, zile za mashine zitabadilika, na zinazobaki palepale zitakuwa za mwenzake. Kura inapigwa mara moja kwa mwezi na kuhifadhiwa. Pili, mada iliyogongwa katikati ya mwezi haiingii hadi orodha nzima ibadilike, vinginevyo saa iliyoongezwa inamtaja aliyeiongeza.

Menyu zinazosema siri

Uvujaji wa aina hiyohiyo ulijificha mahali pengine. Ukimpa asiye na VVU menyu ya PrEP na mwenye VVU menyu ya ARV (dawa za kufubaza VVU), basi yeyote anayechungulia ukurasa wa mbele ameshajua hali ya mwenye simu. Menyu ni moja kwa wote: "Dawa ya leo", "Tarehe za kliniki", "Uliza mshauri". Jina la dawa limo ndani, nyuma ya namba ya siri. Makala zote zinasomwa na wote, kwa hiyo historia ya usomaji haimsemi mtu. Hata hivyo historia hiyo haihifadhiwi.

Kujipima pamoja

WHO ilipendekeza kujipima VVU mwaka 2016. Kwa wenza mtiririko wa skrini ni mmoja, lakini maswali mawili hutangulia, kila mmoja chumbani kwake.

Swali la kwanza: ndani ya saa 72 zilizopita umekuwa kwenye hatari ya kuambukizwa? Kama ndiyo, anahitaji PEP kwanza, na kipimo cha leo hakitaona maambukizi ya juzi. La pili: unatumia ARV? Kama ndiyo, asijipime, kwa sababu dawa zinaweza kufanya kipimo cha kingamwili kisome hasi wakati virusi vipo. Lakini hapa pana mtego wa kijamii: wenza wameketi mezani, kila mmoja ana kifurushi chake, na mmoja anaambiwa na simu asifungue. Programu kwa hiyo hutoa maswali haya siku moja kabla ya siku waliyopanga, akiwa peke yake, na kumpa nafasi ya kuzungumza na mshauri jinsi ya kusema, au ya kuahirisha bila sababu kuoneshwa.

Kwa kipimo cha mate: usile wala kunywa kwa angalau dakika 15 kabla, na kama umepiga mswaki subiri dakika 30. Pitisha kijiti mara moja kwenye fizi za juu na mara moja za chini, kiweke kwenye chupa yenye kimiminika, na soma kuanzia dakika ya 20 hadi ya 40. Mstari mmoja kwenye C, alama ya kuonesha kwamba kipimo kimefanya kazi, ni hasi. Mistari miwili, hata wa T (mstari wa jibu) ukiwa hafifu, ni jibu linalohitaji kuthibitishwa kliniki, na bado si uthibitisho. C isipotokea, kipimo kimeharibika. Vipimo vya tone la damu vina dakika zake. Karatasi iliyomo ndani ya kifurushi ndiyo ifuatwe, na programu inauliza aina ya kipimo kabla ya kuanza kuhesabu.

Kuhesabu ndiko kulikokorofisha. Simu za Android huzilaza programu zilizo nyuma ili kuokoa betri, na kuanzia Android 14 programu nyingi mpya hazipewi ruhusa ya kengele ya dakika kamili bila mtumiaji kuiwasha. Mtu akiacha simu mezani, kengele ya dakika 20 inaweza kulia ikiwa imechelewa, na dakika ya 40 ikapita. Suluhisho ni kutoitegemea kengele. Programu huhifadhi saa ya kuanza, kisha huandika kwa herufi kubwa: "Soma kuanzia 20:20. Usisome baada ya 20:40." Saa inaandikwa kama inavyoonekana kwenye simu, na pembeni "saa 2:20 usiku", ili asiwepo wa kukisia.

Majibu hayapiti kwenye programu. Hakuna sehemu ya kuyajaza wala kitufe cha kuyatuma kwa mwenza. Kukiwa na kitufe hicho, kutokibonyeza kunakuwa jibu. Wakishasoma vijiti vyao, wanafungua ukurasa wenye njia tatu: wote hasi, mmoja chanya, wote chanya. Kila njia inafunguka kwa kila mtu. Mshauri anapatikana kwa video kwa muda wote huo, na simu ya kwanza baada ya jibu chanya haiwekwi kwenye foleni.

Jibu hasi linaandamana na tarehe. Kipimo cha kujipima kinaweza kuchukua hadi siku 90 kuona maambukizi mapya, kwa hiyo "hasi" ya leo inahusu kipindi kilichoishia miezi mitatu iliyopita. Wenza wengi huacha kondomu jioni hiyohiyo. Skrini inayofuata, kabla ya pongezi zozote, inapendekeza tarehe ya kipimo cha pili.

Injini ya PrEP

Kwa kidonge cha kila siku kazi ni rahisi: saa moja kila siku, kipimo cha VVU kila miezi mitatu. Kidonge kwa tukio ndicho kinachohitaji hesabu. Utafiti wa IPERGAY wa mwaka 2015 uliona maambukizi yakipungua kwa asilimia 86 kwa wanaume waliomeza hivi: vidonge 2 kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya ngono, kimoja saa 24 baada ya dozi ya kwanza, kimoja tena saa 24 baadaye. Mfano: Ijumaa 18:00 vidonge 2, Jumamosi 18:00 kimoja, Jumapili 18:00 kimoja. Wakifanya ngono tena Jumamosi usiku, kimoja cha Jumatatu 18:00 kinaongezeka, kwa sababu kanuni ni kuendelea kila siku mpaka siku mbili baada ya ngono ya mwisho.

Makosa yanayotarajiwa ni matatu. Mtu anahesabu saa 24 kuanzia ngono badala ya dozi ya kwanza, na ratiba inasogea. Mtu anaona wikiendi imekwisha na anaacha kidonge cha mwisho. Na mtu anasoma "saa 2 kabla" kama saa mbili usiku. Hapo tumeandika "angalau dakika 120 kabla", maneno yasiyopendeza ila hayana njia mbili. Kwenye skrini kuna kitufe kimoja tu, "Tena", na kila kikibonyezwa ratiba inarefuka yenyewe. Kabla ya mtindo huu kuwashwa, programu inauliza kuhusu homa ya ini aina B, maana dawa hizi zinaigusa pia na kuzianza na kuziacha kunahitaji ushauri wa mtoa huduma.

Sindano zinaleta shida ya aina nyingine. Cabotegravir inachomwa kila wiki 8 baada ya mbili za mwanzo zinazopishana wiki 4. Lenacapavir, ambayo WHO iliipendekeza Julai 2025, inachomwa kila wiki 26, na mwanzoni huambatana na vidonge 2 siku ya kwanza na 2 siku ya pili. Ndani ya wiki 26 simu huibwa, huanguka majini, huuzwa. Kikumbusho kilichohifadhiwa kwenye simu pekee kinapotea nayo. Kwa tarehe za sindano, na kwa hizo tu, mtumiaji anaweza kuchagua nakala iliyosimbwa kwenye seva, inayorudishwa kwa maneno sita aliyoyaandika mahali pake. Seva haiwezi kuifungua.

Mmoja akiwa na VVU

Utafiti wa PARTNER2, uliochapishwa mwaka 2019, ulifuatilia wenza 782 wa kiume, mmoja ana VVU na anatumia ARV, mwingine hana. Zilihesabiwa ngono karibu 76,000 bila kondomu. Maambukizi yaliyotoka kwa mwenza ambaye virusi vyake viko chini ya nakala 200 kwa mililita: sifuri. Hilo linaandikwa kwenye programu bila "lakini" ya kuogofya nyuma yake. Virusi visipoonekana haviambukizi.

Kuna namba nyingine kwenye utafiti huohuo isiyotajwa sana: wanaume 15 waliambukizwa, na vinasaba vya virusi vikaonesha kwamba hakuna aliyeambukizwa na mwenza wake. ARV ya mwenza inamkinga mtu dhidi ya mwenza. Haimkingi dhidi ya mtu wa nje. Kwa hiyo asiye na VVU anaulizwa kuhusu PrEP kwa kuangalia makubaliano yao ya nje, hata kama virusi vya mwenzake vimefubazwa.

Mwenza akiwa ndiyo kwanza anaanza ARV, PrEP hutumika kama daraja mpaka virusi vifubae na vibaki hivyo kwa miezi 6. Programu inahifadhi tarehe ya kipimo kijacho cha wingi wa virusi. Namba yenyewe haihifadhiwi. Ombi la kumwonesha mwenza kwamba "dawa imemezwa leo" limerudi mara kadhaa na limekataliwa kila mara. Linaanza kama upendo na linaweza kugeuka mahudhurio: siku moja alama haikuonekana, na ugomvi umeanza juu ya kidonge kilichomezwa na kusahaulika kutiwa alama.

Arifa, nakala rudufu, na watu wa tatu

Arifa za simu hupita kwenye seva za kampuni za mifumo ya simu. Tunachotuma ni kengele tupu isiyo na maneno; maneno yanaundwa ndani ya simu, na kwenye skrini iliyofungwa yanasomeka kama mtumiaji alivyoyaandika mwenyewe. "Maji ya maua" ni sawa na mengine yoyote.

Android hunakili data za programu kwenye hifadhi ya mtandaoni isipokuwa mtengenezaji akizima. Imezimwa. Picha za skrini zimezuiwa chumbani, na dirisha la programu zilizofunguliwa karibuni linaonesha ukurasa mweupe.

Vipande vya programu vya wengine vya kuhesabu watumiaji havimo. Mwaka 2018 ilibainika kuwa Grindr, programu ya wanaume kutafutana wapenzi, ilikuwa ikipeleka hali ya VVU ya watumiaji kwa kampuni mbili za nje zilizosaidia kuboresha programu, hakukuhitajika mdukuzi. Ukishakuwa na sehemu ya kujaza hali ya VVU, kila kipande cha msimbo unachokiongeza ni mtu mwingine anayeweza kuisoma. Sisi sehemu hiyo hatuna.

Kuachana

Yeyote anaweza kuvunja muunganisho bila kuomba ruhusa wala kueleza. Sebule hugeuka ya kusoma tu, hufutika kwenye simu zote mbili baada ya siku 7, na mwenzake anaona "Sebule hii imefungwa" katika siku isiyotabirika ndani ya hizo saba, ili isiangukie dakika ileile mtu anapotoka nyumbani. Maagizo ya vipimo vya pamoja yanageuka ya mtu mmoja mmoja. Dawa na tarehe za chumbani haziguswi, maana siku za kuachana ndizo ambazo PrEP huachwa.

Kupima kama inafaa

Tunachohesabu: wenza waliojipima wote wawili na wakarudia baada ya miezi mitatu, siku za hatari zilizofunikwa na PrEP au ARV, na madhara, yaani vitisho, vipigo au kulazimishwa kulikotokana na programu. Idadi ya kugonga skrini haihesabiwi.

Wenza wawili hawafanani na watu wawili waliookotwa barabarani. Majibu yao yanavutana. Kwa jozi, kizidishi cha ukubwa wa sampuli ni 1 kuongeza uwiano wa kufanana kwao. Uwiano ukiwa 0.4, kizidishi ni 1.4, na wanaume 200 walio katika jozi 100 wanatoa taarifa sawa na ya takriban 143 wasiohusiana. Na mmoja akiacha kujibu, uchambuzi wa jozi umepoteza wote wawili.

Kwa mume na mke mchambuzi ana namna ya kuwatofautisha. Kwa wanaume wawili hakuna wa kuitwa wa 1 au wa 2 kwa asili. Ukimweka aliyejisajili kwanza kuwa wa 1, umewapanga kwa hamasa bila kujua, kwa kuwa anayejisajili kwanza mara nyingi ndiye aliyemvuta mwenzake. Nafasi zinagawanywa kwa kura, na modeli inawachukulia kuwa wasiotofautishika.

Yaliyo wazi

Ujumbe wa "huduma haipatikani kwa sasa" bado unahitaji kutokea mara za kutosha kwa watumiaji wa kawaida ili usiwe alama, bila kuwakimbiza. Maneno sita ya kurudisha tarehe za sindano hayana mahali salama pa kuandikwa kwa mtu anayelala chumba kimoja na anayemwogopa. Pendekezo lililo mezani ni kliniki iyahifadhi kwenye kadi yake. Toleo la simu za kawaida kwa ujumbe mfupi limesimamishwa mpaka ipatikane namna ya kufuta ujumbe upande wa mpokeaji, na kwa sasa hakuna.